Je, Wajua? Ekzosi Inavyoipa Nguvu Baiskeli ya Injini

Katika injini ndogo ya mipigo miwili, ekzosi hufanya sehemu ya kazi ambayo katika injini ya gari hufanywa na valvu. Ndiyo maana kubadilisha bomba la moshi kwenye baiskeli ya injini kunaweza kugeuza kabisa tabia ya chombo, kwa heri au kwa shari.

Injini zinazofungwa kwenye baiskeli za kawaida, hasa Marekani ambako kazi hiyo imekuwa burudani ya mafundi wa nyumbani, nyingi hutoka China. Huuzwa kama seti yenye injini, tangi, kabureta, mnyororo, sproketi na ekzosi. Ile kubwa hutangazwa kuwa na cc 80. Silinda yake ikipimwa, kipenyo huwa milimita 47 na pistoni husafiri milimita 38 au 40, yaani ujazo wa cc 66 hadi 69. Cc zilizobaki ziko kwenye tangazo. Ndogo yake ina kipenyo cha milimita 40, na ujazo wake ni cc 48 hivi.

Injini hii haina valvu juu ya silinda. Ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Pistoni ikishuka baada ya mlipuko, hufungua kwanza tundu la moshi. Muda mfupi baadaye hufunguka matundu ya kupitishia mchanganyiko mpya wa hewa, petroli na oili kutoka chini ya pistoni. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho milango yote iko wazi, mchanganyiko mpya unaingia na moshi unatoka. Pistoni ikianza kupanda, matundu ya kupitishia hufungwa kwanza, na tundu la moshi hufungwa mwisho. Katika kipindi hicho cha mwisho, sehemu ya petroli ambayo haijaungua hutorokea kwenye ekzosi. Hiyo ndiyo dosari ya asili ya injini za mipigo miwili, na ndiyo inayozifanya zinywe mafuta mengi kuliko udogo wake.

Ekzosi ya tumbo ilibuniwa kuziba pengo hilo bila kuongeza kifaa chochote kinachotembea. Ikitazamwa kutoka kwenye silinda, huanza na bomba jembamba, halafu hupanuka kidogo kidogo kama koni, hufika kwenye tumbo pana, kisha husinyaa kwa koni ya pili na kuishia kwenye mkia mwembamba. Tundu la moshi linapofunguka, gesi moto hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho husafiri ndani ya bomba kama wimbi la mgandamizo. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi kwenye silinda ikiwa imegeuka mvuto. Mvuto huo hunyonya mabaki ya moshi na kuusaidia mchanganyiko mpya kupanda. Sehemu iliyosalia huendelea hadi koni ya nyuma, hugonga ukuta unaosinyaa, na hurudi ikiwa bado mgandamizo. Ikifika kwenye tundu la moshi kabla tu halijafungwa, huisukuma petroli iliyotoroka irudi ndani ya silinda. Pistoni hufunga mlango, na silinda hubaki na shehena kubwa kuliko ambayo ingeweza kujaza yenyewe.

Aliyeifanya elimu hii iwe kazi ya hesabu ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Katika miaka ya 1950 alitumia osiloskopu kuyatazama mawimbi ndani ya mabomba, huku akiwa na fedha kidogo kuliko washindani wake wa Italia na Japani. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na farasi 200 kwa kila lita ya ujazo, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa na injini yoyote isiyosukumiwa hewa kwa mashine. Mwaka huohuo dereva wake mkuu, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akajiunga na Suzuki akiwa na siri za MZ. Mwaka 1962 Degner na Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Kila ekzosi ya tumbo inayouzwa leo, hata ya bei ya chini kabisa, ina nasaba na karakana ile ya Zschopau.

Jambo la kwanza la kuangalia wakati wa kuchagua ni urefu, kwa sababu ndio unaoamua wimbi litarudi saa ngapi. Katika gesi moto ya ekzosi, wimbi husafiri zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Mafundi wengi hutumia 518 katika hesabu zao. Ichukuliwe injini ambayo tundu lake la moshi hukaa wazi kwa nyuzi 160 kati ya 360 za mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10, na tundu huwa wazi kwa milisekunde 4.4 tu. Katika muda huo wimbi linaweza kwenda mita 2.3, kwenda na kurudi. Basi kutoka uso wa pistoni hadi katikati ya koni ya nyuma panatakiwa mita 1.15. Injini hiyohiyo ikikusudiwa mizunguko 8,000, urefu hushuka hadi sentimita 86. Ikikusudiwa 5,000, hupanda hadi mita 1.38. Bomba refu ni la mwendo wa chini wenye nguvu. Bomba fupi ni la kasi. Nje ya mizunguko iliyokusudiwa, wimbi hurudi likiwa limewahi mno au limechelewa, na ekzosi hiyohiyo iliyokuwa ikisaidia huanza kukwamisha.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwani huchagua ekzosi bila kuifikiria gia. Pikipiki za mashindano zilivumilia nguvu zilizobanwa kwenye mizunguko michache kwa sababu zilikuwa na gia nyingi. Suzuki RK67, ya cc 50, ilikuwa na gia 14 ili dereva asitoke kwenye eneo lake la nguvu. Baiskeli ya injini ina gia moja. Inapoanza kuondoka, inapopanda kilima, inapokata kona na inapokimbia tambarare, mizunguko ya injini hufuata mwendo wa gurudumu tu.

Hesabu yake si ngumu. Ndani ya injini hizi za seti, gia hupunguza mzunguko mara 4.1. Nje kuna sproketi ndogo ya meno 10 na kubwa ya meno 44, ambayo hupunguza tena mara 4.4. Kwa jumla, injini huzunguka mara 18 gurudumu linapozunguka mara moja. Gurudumu la inchi 26 lina mzingo wa mita 2.07 hivi. Basi kwa mizunguko 4,500 baiskeli huenda kilomita 31 kwa saa, kwa 6,000 huenda 41, na kwa 8,000 hufika 55. Ekzosi iliyokusudiwa 8,000 itaanza kuamka baiskeli ikiwa tayari inapita kilomita 40 kwa saa. Chini ya hapo mpanda baiskeli atakuwa na injini nzito kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kutoa fedha, na kwenye kilima atarudi kwenye pedali. Breki za mpira zinazobana rimu nazo hazikutengenezwa kwa kilomita 55.

Baada ya urefu, kuna mteremko wa koni. Koni inayopanuka polepole hutoa mvuto hafifu lakini wa muda mrefu, na nguvu husambaa katika mizunguko mingi. Koni kali hutoa mvuto mkubwa wa ghafla. Koni ya nyuma hufuata kanuni hiyohiyo: ikiwa fupi na kali, nguvu hupanda kwa kishindo na kukatika mara moja injini ikivuka kilele. Kwa chombo cha gia moja, upole ndio unaofaa katika koni zote mbili.

Mkia nao una vipimo vyake. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kipenyo chake kiwe kati ya asilimia 58 na 62 ya kipenyo cha bomba la mwanzo, na urefu wake uwe mara 12 ya kipenyo chake wenyewe. Bomba la mwanzo likiwa na milimita 25 ndani, mkia unahitaji milimita 15 na urefu wa milimita 180. Ukiwa mwembamba kupita hapo, joto hubaki ndani na pistoni huungua. Ukiwa mpana, mgandamizo hupotea na wimbi hurudi likiwa dhaifu. Mabomba mengi ya bei rahisi yana umbo la tumbo bila vipimo vyovyote vya maana. Huvimba kidogo, hupakwa nikeli, na hupiga kelele. Futi kamba itasema zaidi ya picha ya tangazo.

Pia ni vyema ekzosi ya zamani ichunguzwe kabla ya kutupwa. Oili iliyochanganywa na petroli huacha masizi, na masizi hayo huziba kopo la sailensa pamoja na tundu lenyewe la moshi. Injini iliyopoteza nguvu kidogo kidogo kwa miezi mara nyingi inahitaji kukwanguliwa masizi tu, kazi ya saa moja.

Katika kufunga, umbali kati ya stadi mbili za silinda zinazoishika ekzosi huwa milimita 32 katika baadhi ya injini na 40 katika nyingine, kwa hiyo upimwe kwanza. Bomba lipite mbali na mnyororo, pedali na mguu, wala lisining'inie kwenye stadi peke yake. Injini hizi zina mtikisiko mkubwa, na bomba refu lisilo na mkono wa kulishikilia kwenye fremu litapasuka kwenye mshono au litang'oa stadi kutoka kwenye aluminiamu ya silinda. Mkono huo uwe na kipande cha mpira, na gasketi iwe mpya. Pengo dogo kwenye kiungo huharibu wimbi lote.

Ekzosi inayofanya kazi vizuri huvuta hewa zaidi, na kabureta iliyokuwa sawa jana huwa haitoshi leo. Mchanganyiko wenye petroli kidogo hupandisha joto, nayo oili hupungua pamoja na petroli, kwa kuwa husafiri pamoja. Matokeo yake ni pistoni kukwama. Dawa ni jeti ya kabureta iliyo kubwa kidogo, kisha plagi kukaguliwa baada ya kukimbia kwa kasi kamili na kuzima injini palepale. Rangi ya kahawa ni dalili njema, nyeupe ni hatari, nyeusi yenye utelezi ni mafuta kuzidi.

Kelele haipimi nguvu. Sailensa ndogo iliyojazwa nyuzi za kioo na kufungwa mwisho wa mkia haiathiri sana kazi ya mawimbi, mradi tundu lake la ndani lisiwe jembamba kuliko mkia. Nyuzi hizo hulowa oili na huhitaji kubadilishwa. Ikumbukwe pia kwamba hesabu hizi zote ni za injini inayochanganya oili na petroli. Injini ya mipigo minne, iwe Honda GXH50 kwenye baiskeli au injini ya bodaboda ya cc 125, ina valvu zake, na ekzosi ya tumbo haitaipa kitu. Anayeng'oa sailensa ya bodaboda hupata zaidi malalamiko ya majirani.

Kwa baiskeli ya gia moja yenye sproketi ya meno 44, inayombeba mtu mzima kwenye barabara ya vilima, inayofaa ni ekzosi ya tumbo yenye urefu wa mita 1.1 hadi 1.3, ukipimwa hadi katikati ya koni ya nyuma, na koni za mteremko mpole. Ile ya sentimita 80 iachiwe baiskeli za mashindano, zenye breki za diski.