Umbo Jipya la Kitabu cha Dini cha Watoto Kilichoadimika: Mtazamo kutoka Vyuo vya Kinondoni na Temeke

Makala haya yanakusudia kujadili swali ambalo kwa kawaida huachiwa mpiga chapa, ingawa kwa maoni yetu ni swali la lugha. Kitabu cha dini cha watoto kinapokuwa kimekwisha sokoni, na walimu bado wanakihitaji, kirudishwe katika umbo gani? Hoja yetu ni kwamba anayechagua umbo la kitabu huwa amekwisha kuchagua, pengine bila kukusudia, Kiswahili kitakachosomwa na mtoto.

Vitabu tunavyovifikiria ni vile vya mafunzo ya dini vilivyoandikwa pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, anayejulikana zaidi kwa magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah ya miaka ya 1930, aliandika pia vitabu vya kufundishia watoto. Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982) wa Unguja, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kadhi, alitoa Maisha ya Nabii Muhammad mwaka 1942. Maandishi ya aina hii hayakupata bahati sawa. Mengine yamechapwa tena na tena. Mengine, hasa vijitabu vyembamba, yamebaki mikononi mwa mwalimu mmoja mmoja, kurasa zimelegea na jalada halipo.

Yafaa tuanze na chuo chenyewe. Katika Tandika, Mtoni au Mbagala upande wa Temeke, na Tandale, Mwananyamala au Magomeni upande wa Kinondoni, mtoto huenda madrasa baada ya masomo ya shule au mwishoni mwa juma. Hukaa mkekani pamoja na wenziwe wa umri mbalimbali. Mwalimu husoma, wao huitikia, na nakala moja huweza kutazamwa na watoto wawili au watatu. Kitabu hicho basi husikika kwanza, ndipo kisomwe; na hubebwa mkobani, hulowa mvua ya masika, kisha hurithiwa na mdogo mtu.

Njia rahisi ni fotokopi. Haihitaji mhariri wala mtaji, na ndiyo inayotumika. Kasoro yake ni kwamba kila nakala hutolewa katika nakala nyingine, hata irabu za Kiarabu zikafifia na nukta zikapotea. Na katika hati ya Kiarabu nukta moja ikipotea, herufi imekuwa nyingine. Kupiga picha kurasa za chapa ya kwanza na kuzichapa upya ni afadhali zaidi, na mtafiti wa historia ya lugha atapendelea njia hiyo kuliko zote. Lakini pamoja na matini hurudishwa pia makosa ya mpangaji chapa wa zamani, herufi ndogo, na mistari iliyobanana kwa sababu ya uhaba wa karatasi.

Inabaki kupanga chapa upya, na hapa ndipo penye mgogoro. Sheikh Al-Amin alikuwa mtu wa Mvita. Msomaji wa Kimvita husema ndia, nti na mato. Mtoto wa Mbagala, ambaye pengine wazazi wake walihamia kutoka Songea au Tabora, anajua njia, nchi na macho. Mhariri mwepesi atabadili yote kwa kuwa Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, ndicho cha shuleni. Sisi hatuafiki. Akifanya hivyo kimyakimya, kizazi kijacho kitadhani kwamba mwandishi wa Mombasa aliandika kama watu wa Dar es Salaam. Isitoshe, kwa kuwa kitabu husomwa kwa sauti mbele ya mwalimu, neno la lahaja halimwachi mtoto peke yake: maana yake iwekwe chini ya ukurasa uleule, na mwalimu ataitaja.

Tahajia ya kh nayo inastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Shuleni mtoto huandika habari, hatari, hofu. Katika vitabu vya zamani hukuta khabari, khatari, khofu. Mhariri wa vitabu vya shule ana haki ya kuiondoa. Chuoni, hata hivyo, mtoto anayejifunza Kurani hufunzwa kila siku kutofautisha sauti hizo mbili, kwa hiyo tahajia ya kale haimtatizi hata kidogo. Kinachofaa kurekebishwa ni mtengano wa maneno na alama za vituo, basi.

Kuhusu ukubwa, mfano umo chuoni humohumo. Mtoto haanzi na msahafu mzima. Huanza na Juzuu Amma, sehemu ya mwisho kati ya 30, yenye sura 37, ambayo huuzwa peke yake kama kijitabu. Kitabu cha dini chenye kurasa 96 chaweza vivyo hivyo kugawanywa katika vijitabu vitatu vya kurasa 32, kila kimoja karatasi nane za A4 zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Mzazi hulipa kidogo kidogo, na kijitabu kilichochanika hubadilishwa bila kununua vyote. Jalada la kung'aa lenye picha za rangi huongeza bei tu.

Picha za kurasa zinazosambazwa kwa simu humsaidia mwalimu. Mtoto hazimfikii, maana simu ni ya mzazi na huondoka naye asubuhi.

Kabla ya yote hayo kuna ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ya Tanzania hulinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maandishi ya aliyefariki 1947 yamekwisha kutoka katika ulinzi huo. Ya aliyefariki 1982 yamo hadi 2032, na warithi hawana budi kuombwa. Hata pale ambapo hapana wa kuombwa, ukurasa wa jina utaje mwandishi, mahali na mwaka wa chapa ya kwanza, na nini hasa mhariri amekigusa.