Kazi ya kuendesha mashini kubwa: malipo, mkataba na njia ya kupanda



Kila mara mashini zinaposhushwa kwenye lori karibu na kambi, maswali yanayotufikia ni yaleyale. Opereta analipwa kiasi gani? Kijana wetu anaweza kupanda pale juu? Tuuze mbuzi wawili tumlipie mafunzo? Mama mmoja alituuliza hili la tatu wakati mbuzi wenyewe walikuwa wamekwisha kufungwa kamba. Tunaandika ili wazazi na viongozi wa kambi wajue la kuuliza kabla ya kuuza.

Hapa Tanganyika, kutoka Kalemie hadi Nyunzu na Manono, familia nyingi zilihama kwa sababu ya mapigano ya Watwa na Wabantu, zaidi katika miaka ya 2016 na 2017. Waliotoka huko wanajua kazi ya barabara ya mikono: jembe, koleo, malipo ya siku, na kazi inaisha. Mashini ni jambo lingine. Pale zinapofika, iwe kwa barabara au kwa mgodi kama huko Manono kwenye litiamu, watu wachache wanafanya kazi ya wengi, na mmoja anayekaa kwenye kiti anapata mara nyingi zaidi kuliko anayebeba koleo chini. Ndiyo maana kiti kile kinatamaniwa, na kinaleta ugomvi.

Wasomaji wajue kwamba mashini zote si sawa. Mara nyingi mtu anaanza kama msaidizi: anaosha mashini, anapaka grisi, anapima mafuta ya injini asubuhi, anamwongoza opereta kwa mikono wakati wa kurudi nyuma. Halafu anapewa mashini ya kushindilia udongo, maana inakwenda polepole na kosa lake si kubwa. Baadaye mashini ya kupakia, katapila, na ile yenye mkono wa kuchimba. Greda huja mwisho, kwa sababu inamaliza barabara: kisu chake kikiinama vibaya kidogo, mvua ya kwanza inaonyesha aibu. Opereta mzuri wa greda hatafuti kazi, kazi inamtafuta. Kutoka hapo wengine wanakuwa kapita au wakubwa wa shantie, na wengine wanaingia katika ufundi wa kutengeneza. Njia hii inachukua miaka. Anayewaambia kwamba mtoto atakuwa opereta kamili baada ya mwezi mmoja, anataka makuta yenu.

Na msifikiri ni ya wanaume tu. Katika migodi mikubwa ya Lualaba na Haut-Katanga kuna wanawake wanaoendesha malori makubwa ya kubeba mawe.

Sasa malipo. Hatutaandika bei moja, kwa sababu bei moja haiko. Opereta aliyeajiriwa moja kwa moja na mgodi mkubwa, aliyeajiriwa na kampani inayofanyia mgodi kazi, na yule wa mwenye mashini moja ya kukodisha, hao watatu wanaweza kuendesha mashini ya namna moja na kupokea mishahara isiyofanana kabisa. Swali la kwanza kwa hiyo si «kiasi gani», ni «nani anatia sahihi kwenye mkataba wangu?» Swali la pili ni namna ya kuhesabu. Wengine wanalipwa kwa mwezi, wengine kwa siku, wengine kwa saa za mashini, yaani zile zinazoandikwa na saa iliyo ndani ya mashini injini ikiwaka. Hii ya mwisho inapendeza masikioni. Lakini mashini ikiharibika na kungoja pampu itoke Lubumbashi, opereta anakaa chini ya mti bila kupata kitu, na bado haruhusiwi kwenda nyumbani. Kabla ya kukubali, uliza: mashini ikilala, mimi ninalipwa nini? Siku za mvua? Nikiambiwa mazuti yamepungua kwenye tangi, nani anapima, na mbele ya nani? Hili la mazuti limefukuzisha vijana wengi, wenye kosa na wasio na kosa.

Chini ya yote kuna mshahara wa chini kabisa unaokubaliwa na sheria, unaoitwa SMIG. Mwaka 2018 serikali iliuweka kuwa franka 7,075 kwa siku kwa manevri wa kawaida. Mwaka 2025 iliamua kuupandisha kwa hatua mbili: kwanza 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Angalieni vizuri: hiyo ni ya manevri, mtu wa ngazi ya chini kabisa. Sheria inawapanga wafanyakazi kwa ngazi, kutoka manevri hadi fundi na juu yake, na mwendesha mashini hawezi kupangwa pamoja na manevri. Tumeona karatasi ambapo mtu anayeendesha mashini ya kupakia kutwa nzima ameandikwa «manevri». Neno hilo moja linamnyima haki kila mwezi.

Juu ya mkataba, Sheria ya Kazi nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina mambo ambayo wakimbizi wa ndani wangefaa kuyajua kwa moyo. Mtu wa kazi ya siku akiisha kutimiza siku 22 katika muda wa miezi miwili, na akaitwa tena kazini kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inahesabu kwamba amepata mkataba usio na mwisho. Ndiyo sababu wakubwa wengine wa kazi wanabadilisha orodha ya majina mtu anapokaribia siku hizo. Andika siku zako mwenyewe kwenye daftari, kila jioni, na jina la kapita aliyekuwapo. Mkataba usioandikwa nao unahesabiwa kuwa hauna mwisho, mpaka mwajiri aonyeshe vingine. Muda wa kujaribiwa lazima uandikwe: hauwezi kupita mwezi mmoja kwa manevri asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wengine.

Kuna kingine ambacho karibu hakuna anayekitaja kambini. Mkataba wenye mwisho hauwezi kupita miaka miwili. Lakini kwa mtu mwenye ndoa anayetenganishwa na familia yake, hauwezi kupita mwaka mmoja. Mtu aliyeacha mke na watoto katika kambi ya Kalemie na kwenda kufanya kazi mbali, huyu ndiye anayesemwa. Vilevile sheria inamdai mwajiri matunzo ya ugonjwa kwa mfanyakazi na kwa familia yake. Basi majina ya mke na watoto yaandikwe siku ya kwanza, hata kama vyeti vya kuzaliwa viliungua pamoja na nyumba. Tulishaona baba aliyejiandika kijana asiye na mke kwa kuogopa kwamba hatachukuliwa. Mtoto wake alipougua malaria, hakuwa na la kudai.

Tukirudi kwenye mafunzo: INPP, shirika la serikali la mafunzo ya kazi lililoanzishwa mwaka 1964, ndilo la kuuliza kwanza. Ziko pia shule za watu binafsi, nzuri na za uongo. Alama ya shule ya uongo ni rahisi: haina mashini. Inafundisha kwa picha ukutani, inatoa karatasi yenye mhuri mzuri, na kampani inamrudisha kijana mlangoni baada ya dakika kumi za kujaribiwa. Kabla ya kulipa, nendeni kuiona mashini ikiwaka, mkaulize kila mwanafunzi atakaa juu yake saa ngapi. Permi ya gari peke yake haitoshi.

Tunapaswa kusema pia juu ya orodha, maana hapo sisi wenyewe tulikosea. Kampani moja ya barabara ilituomba vijana 12 wa kujifunza kama wasaidizi. Tuliwaomba viongozi wa kambi majina. Yakaja usiku uleule. Tulipoyasoma mbele ya watu, karibu wote walitoka katika nyumba mbili, hakukuwa na Mtwa hata mmoja, na vijana wa kijiji kilichowapokea wakimbizi hawakutajwa kabisa. Wiki nzima wanawake wa kambi na wa kijiji hawakuteka maji pamoja. Tulifuta orodha. Mara ya pili tulitangaza sokoni na makanisani kwa majuma matatu, tukasema wazi nafasi ngapi ni za kambi, ngapi za kijiji, ngapi za Watwa, na opereta mzee wa kampani ndiye aliyewajaribu vijana mchana, watu wakitazama. Manung'uniko yalibaki, lakini yalisemwa kwa sauti. Kiongozi mmoja alituuliza kwa nini abebe taabu za kambi bila malipo kama hata mtoto wake hapati nafasi. Swali lake ni la haki, na jibu la kumtosha hatukuwa nalo. Tulimwambia tu kwamba mtoto wake naye angeweza kuja kujaribiwa, na alikuja.

Mwenye ugomvi wa mshahara aende kwa inspekta wa kazi, si kwa askari na si kwa sisi. Achukue daftari lake la siku, karatasi yoyote ya malipo, ujumbe wa simu unaoonyesha makuta yaliyotumwa, na mwenzake mmoja aliyefanya kazi naye. Aangalie pia kama alikatwa 5 kwa 100 za CNSS, kisha aulize kwa CNSS kama zilifika kule.