Barua pepe za kundi: neno likigeuka, kichwa nacho kigeuke

Barua ilianza na kichwa « Mkutano wa Jumatatu ». Jumanne watu wakaulizana juu ya mafuta ya jenereta, Alhamisi juu ya dawa zilizokwama bandarini. Wiki mbili baadaye kichwa ni kilekile: « RE: TR: RE: Mkutano wa Jumatatu ». Wafanyakazi wengi wa mashirika, iwe Goma, Bukavu ama Bunia, wanaujua mchezo huu. Anayetafuta ile barua ya dawa anafungua moja moja, na mega zinakwisha.

Adabu za intaneti zilizokusanywa mwaka 1995 katika waraka RFC 1855 zilikwisha kudai kichwa kilingane na yaliyomo. Katika makundi, desturi ni kuandika jina jipya mbele na kuacha la zamani kwenye mabano: « Dawa za Minova (awali: Mkutano wa Jumatatu) ». Anayejibu baadaye anaondoa mabano hayo.

Ofisini kuna haya pia: nani atagusa kichwa alichoandika mkubwa? Mabano yanasaidia hapo, kwani mkubwa bado anaona neno lake.

Lakini kuna mtego. Kila barua ina alama yake ya utambulisho isiyoonekana kwa kawaida, na jibu hubeba alama za barua zilizolitangulia. Mtu akibonyeza « Répondre », akafuta kichwa na kuanza jambo lisilohusiana kabisa, programu kama Thunderbird bado huipanga barua hiyo chini ya mazungumzo ya zamani. Aliyekwisha kuyapuuza mazungumzo hayo anaweza asiione kamwe. Gmail inafanya kinyume: kichwa kikibadilika, inafungua mazungumzo mapya, hata kama aliyeandika alisahihisha herufi moja tu.

Kwa hiyo kubadili kichwa kunafaa pale neno moja limezaa lingine. Jambo jipya kabisa linataka barua mpya, na anwani ya kundi iandikwe upya, hata kama ni uvivu kuitafuta.

Kwa habari zisizongoja, kama mgonjwa wa kuhamishwa ama barabara iliyofungwa, kichwa kitaje jambo, mahali na siku. « Haraka » peke yake haisemi kitu. Kufika Ijumaa, sandukuni ziko kumi na mbili zenye jina hilo.