Waipa Nzito Huhatarisha Maisha

Dereva awabebaye askari usiku wa mvua huyategemea macho yake, na macho hayo huzitegemea waipa. Katika Land Rover Series III, zilizoundwa tangu 1971 hadi 1985, tumeziona waipa zikijikokota, na mota ikilaumiwa bure. Mara nyingi adui ni grisi kuukuu iliyoganda katika meno ya mota na katika kebo iendeshayo mikono ya waipa. Kwanza waya wa betri ufunguliwe. Kisha kebo itolewe, isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe grisi mpya. Kutu nayo ikwanguliwe pale waya wa mota ushikanapo na bodi, ili umeme upite barabara. Ndugu askari, tukague kabla ya safari. Mvua haimngoji fundi.