Mtoto kafunga choo: Je, unga wa bakteria ni dawa?

MUSCAT – Kwa muda wa miezi minne nyumba yetu hapa Muscat ilikuwa na mazungumzo ya aina moja tu. Mtoto kapata choo? Hajapata. Tangu lini? Tangu Ijumaa. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka mitano, na kila alipobanwa alikimbilia nyuma ya pazia la sebuleni, akapishanisha miguu na kukaza mwili mpaka jasho likamtoka. Sisi tulidhani anajikamua apate choo. Kumbe alikuwa akikizuia.

Dawa zilikuja kutoka kila upande. Jirani yetu, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na kuhamia huku baada ya 1970 (Kiswahili chake kinashinda changu), alileta tende zilizorowekwa na sanamaki kidogo. Mama yangu aliagiza kwa simu tumpe mafuta ya mbarika, kwani sisi wenyewe tulikuzwa kwa mbarika na haluli na hatukufa. Mfamasia wa mtaa wa pili alikuwa na la kisasa zaidi: vipakiti vya unga wenye bakteria hai, ambao wataalamu huwaita probiotiki. Tulinunua kisanduku kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, riali saba kila kimoja. Kwa mtu anayeishi kwa kalamu, mbali na kwao, hizo si fedha za kuchezea.

Fikra yenyewe ina zaidi ya miaka mia. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, ndiye aliyeeneza imani kwamba bakteria wa maziwa ya mgando huleta afya na umri mrefu. Mjapani Minoru Shirota naye akaanza kuuza kinywaji chake cha Yakult mwaka 1935. Hoja ya kuwatumia kwa mtoto aliyefunga choo nayo si ya kipuuzi. Bakteria hawa hutoa asidi tumboni, na asidi hizo huenda zikauchangamsha utumbo usukume haraka zaidi.

Lakini watoto wamepimwa, na majibu hayakuwafurahisha wenye viwanda. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uholanzi na Poland kwa watoto 159. Nusu walipewa mtindi wenye bakteria hai kwa wiki tatu, na nusu maziwa yasiyo na bakteria hao. Watoto wa makundi yote mawili walianza kupata choo mara nyingi zaidi, na tofauti baina yao haikuwa ya maana. Hapo ndipo penye mtego kwa sisi wazazi: mtoto akipata nafuu kidogo tunaushukuru unga, kumbe huenda angeipata bila ya huo unga. Mwaka uliotangulia, utafiti wa Italia kwa watoto wachanga 44 ulionesha kuwa aina moja ya bakteria iliwaongezea idadi ya kwenda haja, lakini ugumu wa choo haukubadilika.

Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kuzikusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, ulizipitia 14 zenye watoto 1,127. Miongoni mwa waandishi wa ripoti hiyo ni Anthony Akobeng, daktari wa hospitali ya Sidra mjini Doha, si mbali na tulipo. Walihitimisha kwamba ushahidi uliopo hautoshi kusema kama probiotiki hutibu tatizo hili. Hawakusema kwamba hazisaidii kabisa. Walichosema ni kwamba haijulikani, na kwa mzazi anayetoa riali saba, jibu hilo lilipaswa kuandikwa juu ya kisanduku.

Daktari wa watoto aliyetupokea hatimaye hakuuliza sana juu ya unga. Aliuliza kama mtoto huchafua nguo. Ndiyo, huchafua, na mwalimu amelalamika, na mimi nimemgombeza kwa uvivu. Akanieleza taratibu, na nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto hupata choo kigumu siku moja, kikamuumiza. Siku ya pili anakizuia kwa hofu ya maumivu. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokauka na kuwa kikubwa, na sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka mpaka haihisi tena kuwa imejaa. Kinyesi chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu na kuvuja. Mtoto hana habari nacho. Nilikuwa nikimgombeza kwa jambo asilolihisi.

Mwongozo wa madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini, uliotolewa mwaka 2014, hauzipendekezi probiotiki kwa ugonjwa huu. Unasema kwanza utumbo uzibuliwe kwa dawa, kisha mtoto aendelee na dawa ya kulainisha choo kwa miezi miwili au zaidi, na isikatwe ghafla. Dawa inayotangulizwa ni unga wa polietilini glaikoli, ambao huyeyushwa katika kinywaji na kuyashika maji ndani ya choo. Usipopatikana, hutumika dawa ya maji iitwayo laktulosi. Kipimo hukipanga daktari kwa uzito wa mtoto. Wazazi wengi wetu huiacha dawa wiki ya pili wakiogopa mtoto atazoea. Utumbo uliotanuka hauwezi kurudi mahali pake kwa wiki mbili.

Kuna watoto wasiofaa kusubiri haya yote: aliyechelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, anayetapika nyongo, ambaye tumbo limevimba, anayetoka damu nyingi au asiyeongezeka uzito. Huyo apelekwe hospitali, kwani huenda ana ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya utumbo hukosa mishipa ya fahamu, au kasoro nyingine. Na mtoto mwenye kinga dhaifu asipewe bakteria hai bila ya daktari kujua.

Tulipewa pia kazi ya nyumbani: akae chooni dakika chache baada ya kila mlo, maana chakula kikiingia utumbo huamka, na miguu yake isining'inie. Kwetu tulichutama na shida hii hatukuijua. Hapa vyoo ni vya kukalia, vya watu wazima, kwa hiyo nilinunua kigoda cha plastiki sokoni Mutrah kwa chini ya riali mbili.

Dawa aliitumia miezi saba. Pazia la sebuleni sasa halina mtu nyuma yake. Laban tunaendelea kunywa na wali wa mchana, kwa utamu wake. Kile kisanduku cha tatu kimo kabatini, nusu hakijaguswa, na mama yangu bado anapiga simu kila Ijumaa kuuliza kama mjukuu wake kapata choo.