Mzigo Usifiche Taa ya Nyuma

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na palizi. Leo tuliache shamba kidogo, tuingie barabarani. Huenda ukauliza: Bwana Shamba na taa za baiskeli, wapi na wapi? Jibu ni hili: gunia la mahindi halijawa fedha mpaka lifike sokoni, na mwenye gunia arudi nyumbani salama. Wengi wetu mazao yetu yanasafiri juu ya keria ya baiskeli. Tena yanasafiri alfajiri, ili tuwahi soko, au jioni, baada ya kuuza. Nyakati hizo zote mbili ni za giza.

Huku kwetu jua likizama giza halichelewi. Saa kumi na mbili na nusu bado unaona njia. Ikifika saa moja, ni usiku. Mtu aliyetoka sokoni kweupe anajikuta yuko kwenye lami, gizani, na malori yanapita.

Sasa tuelewane juu ya kazi ya taa. Baiskeli ina taa mbili, na kazi zake si moja. Taa ya mbele, nyeupe, ni ya kuonea, na pia inamwonyesha anayekuja mbele yako kwamba upo. Taa ya nyuma, nyekundu, si ya kuonea. Ni ya kuonekana. Wewe mwenyewe huioni, kwa hiyo ikizimika hujui. Ndiyo maana wengi huitunza ya mbele na kuisahau ya nyuma, ilhali gari linalokuja nyuma ndilo usiloliona.

Utasema: "Bwana Shamba, njia hii naijua tangu utoto." Ni kweli, ndugu yangu, wewe waijua njia. Lakini dereva hakujui wewe. Hebu tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa linapita mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akishtuka, mpaka akanyage breki na gari lisimame, atakuwa amekwenda mita kama 53, na hapo lami ni kavu na breki ni nzima. Lori lenye shehena huhitaji zaidi. Dereva huyo akiwa amepunguza taa kwa sababu anapishana na gari jingine, mtu mwenye nguo nyeusi anaweza kumwona akiwa mita 30 hivi tu. Toa 30 katika 53. Zinabaki mita 23 ambazo dereva, hata akiwa mwema namna gani, hawezi kukukwepesha kwa breki. Taa nyekundu inayowaka huonekana kutoka mbali zaidi sana. Hiyo ndiyo inayomfanya apunguze mwendo mapema.

Basi tuje kwenye tatizo letu sisi wakulima. Taa ya nyuma na rifrekta, yaani kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga, hufungwa kwenye madigadi au chini ya keria. Halafu tunapakia. Majani ya ng'ombe yananing'inia mpaka karibu na ardhi. Gunia la mkaa linazidi keria pande zote. Mkungu wa ndizi unalala nyuma. Taa inawaka vizuri, lakini inawaka ndani ya mzigo! Na mpini wa jembe uliochomoza nyuma hauna taa yoyote.

Dawa yake ni rahisi: mzigo ukirudi nyuma, taa nayo irudi nyuma. Kata ukanda wa tyubu kuukuu, ufunge taa ndogo ya betri au rifrekta mwisho kabisa wa mzigo, mahali panapotazama nyuma. Taa ndogo za betri za siku hizi hazili betri sana, na zinahamishika kutoka keria hadi mzigo. Ukikosa taa ya pili, hakikisha angalau rifrekta ipo mwisho wa mzigo. Hiyo haihitaji betri. Inatumia mwanga wa gari lenyewe. Lakini ifute vumbi. Rifrekta yenye matope ni kipande cha plastiki tu.

Wenye dainamo nao wasikilize. Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3: globu ya mbele wati 2.4, ya nyuma wati 0.6. Zikiwaka pamoja zinagawana umeme. Ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ile ndogo ya nyuma, nayo inaungua papo hapo. Kwa hiyo ukiona mbele kumezimika, simama utazame na nyuma. Unaponunua globu, soma maandishi yake. Globu ya tochi ya volti 2.5 haitadumu hapo. Waya mara nyingi ni mmoja tu, na umeme unarudi kupitia fremu. Kama kuna kutu au rangi nene pale dainamo ilipofungwa, taa haitawaka, pakwangue. Tena dainamo ielekee katikati ya gurudumu. Ikikaa upande itakula tairi na kukuchosha bure.

Jambo jingine: dainamo ya kawaida hukaa kimya gurudumu likisimama. Ukisimama kupumzika, au ukikokota baiskeli kupandisha kilima, taa inafifia au kuzimika kabisa. Basi usisimame juu ya lami. Shuka pembeni kwenye udongo, wewe, baiskeli na mzigo.

Taa peke yake haitoshi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mwenye baiskeli naye ni mtumiaji wa barabara. Endesha kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, wala msiandamane sambamba mkipiga soga. Kabla ya kukata kulia, geuka utazame nyuma, kisha nyosha mkono. Usishike lori likuvute mlimani. Breki zishike na kengele ilie, kwani mwenda kwa miguu naye anakutegemea wewe umwone na umpishe. Taa za gari zikikupiga machoni, usizitazame; tazama ukingo wa kushoto wa barabara na upunguze mwendo.

Mwisho, nakupa kazi ya jioni ya leo. Pakia baiskeli kama unavyopakia siku ya soko. Iegemeze mahali penye giza. Rudi nyuma hatua 50, shika tochi kando ya jicho lako, umulike. Kama huoni chochote chekundu kinachong'aa, basi na dereva hataona. Kisha mwambie kijana wako ainyanyue nyuma na kuzungusha gurudumu kama una dainamo, au awashe taa ya betri, utazame tena. Fanya hivyo mzigo ukiwa juu yake, si baiskeli tupu.

Umelima, umepalilia, umevuna. Msimu mzima wa jasho umo ndani ya gunia lile, na nyumbani wanakusubiri. Usiuache upotee kwa kukosa taa moja nyekundu. Kwa leo tuishie hapa, ndugu mkulima. Safari njema, na kazi njema.