Bingwa alipokosa kuona kilichoonwa na tarakilishi

BINGWA wa dunia wa sataranji, Vladimir Kramnik wa Urusi, alikuwa akichuana na programu ya tarakilishi iitwayo Deep Fritz mjini Bonn, Ujerumani, mnamo Novemba 27, 2006. Alikuwa amecheza vyema, na hakuna aliyemdhania kuwa hatarini.

Ndipo aliposogeza malkia wake na kuinuka kitini kwa utulivu. Hatua moja tu ya mpinzani ilitosha kumnasa mfalme wake pasipo njia ya kutoroka.

Hata mwanagenzi hufunzwa kujihadhari na kosa kama hilo. Lilimpataje bingwa? Jibu limo katika namna mbili tofauti za kusaka hatua.

Kwa kawaida mchezaji huwa na takriban hatua 30 anazoweza kuchagua, na mpinzani naye vivyo hivyo. Kila mmoja akicheza mara moja, njia zinazowezekana ni 900. Wakicheza mara mbili kila mmoja, zinafika 810,000, na mara tatu, 729 milioni.

Tarakilishi haiogopi hesabu hiyo. Deep Blue, mtambo wa kampuni ya IBM uliomshinda Garry Kasparov jijini New York mnamo Mei 1997, uliweza kukagua mipangilio 200 milioni ya kete kwa sekunde moja.

Hata hivyo, si kweli kwamba mitambo hiyo hupitia kila njia hadi mwisho. Ikigundua kwamba hatua fulani inampa mpinzani jibu moja la kuangamiza, huitupilia mbali bila kutafuta majibu mengine. Ya nini kuhesabu mashimo zaidi katika barabara ambayo daraja lake limebomoka?

Binadamu hana kasi hiyo. Mwanasaikolojia Adriaan de Groot wa Uholanzi, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1946, aliwataka wachezaji wataja kwa sauti mawazo yao wanapotafuta hatua. Ilibainika kuwa magwiji hawakuchunguza njia nyingi kuwapiku wachezaji wazuri wa kawaida. Walichunguza chache, lakini zilikuwa zile zinazofaa.

Huzijuaje kabla ya kuhesabu? Kwa kukumbuka. Mwaka 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Gwiji alirejesha kete nyingi mno kuliko mwanagenzi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo ovyo, ubingwa wake ulikaribia kutoweka.

Yaani gwiji haoni kete mojamoja, bali vikundi vya kete alivyokwisha kuvizoea, na kila kikundi humdokezea la kufanya.

Hapo ndipo Kramnik aliponaswa. Malkia wa Deep Fritz alilindwa na farasi aliyesimama katika safu ya mwisho upande wa Kramnik, mahali ambapo ni nadra farasi kuonekana akisaidia shambulio la aina hiyo. Macho yaliyozoea maelfu ya mipangilio hayakuwa na kumbukumbu ya kuyashtua. Programu, isiyojua kipi ni cha kawaida na kipi ni kigeni, ilihesabu tu. Kramnik alishindwa katika pambano hilo la michezo sita kwa alama 4-2.

Ajabu ni kwamba baadaye mitambo yenyewe ilianza kuiga upande wa pili. Mnamo Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza AlphaZero, programu iliyojifunza sataranji kwa kucheza dhidi yake yenyewe. Ilikagua mipangilio 80,000 kwa sekunde, ilhali mpinzani wake, Stockfish, alikagua 70 milioni. Katika michezo 100, AlphaZero ilishinda 28 na kutoka sare 72.

Baadhi ya wataalamu walilalamika kuwa Stockfish haikuandaliwa ipasavyo kwa pambano hilo. Lakini kufikia mwaka 2020, Stockfish nayo ilikuwa imeongezewa uwezo wa kupima mipangilio kwa kujifunza kutokana na mifano, huku ikiendelea kuhesabu mamilioni kwa sekunde.